Mwezi Mwekundu wa Tarehe Kumi na Tano

2 Januari

Mdogo wangu,

Nakutumia kalenda mapema, kabla hujaanza kulalamika kwamba nimewagawia watu wote nikakusahau wewe. Itundike jikoni, siyo nyuma ya mlango kama ya mwaka jana.

Mwaka huu anga limejaa vituko, na vyote nimevipanga mimi. Machi, Zuhura na Mshtarii watasogeleana mpaka utadhani wanataka kunong'onezana. Agosti kuna vimondo. Septemba mwezi utapatwa wote. Desemba, usiku wa tarehe kumi na tatu, vimondo tena, na hivyo ndivyo vizuri kuliko vyote. Kila tukio nimelibandikia kapicha kwenye mraba wake na kuliandikia maneno mawili matatu chini. Meneja alisifu, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niajiriwe kusoma prufu, kusahihisha kurasa kabla hazijachapwa, hapa kiwandani. Nilimalizia jioni jioni macho yakinitoka, maana siku hizi ananunua balbu hafifu sijui anazitoa wapi.

Sasa masharti. Kila tukio wewe utatazama huko, mimi nitatazama hapa, halafu tuandikiane. Usipige simu. Kwenye simu tunagombana kabla ya kusalimiana; kwenye barua angalau unakuwa na adabu.

Jambo la mwisho, na ndilo kubwa. Mama ameamua. Desemba tarehe kumi na tatu atapanda treni yako, aje kwako akitazama vimondo dirishani huku mwanawe kitindamimba ndiye anayeendesha. Ameshawaambia majirani wote. Miaka sita unaendesha ile treni ya usiku na hajaipanda hata mara moja, anasema amechoka kukusikia tu.

Dada yako

*

11 Januari

Dada,

Kalenda imefika, haina kunyanzi. Mlinzi wa behewa la vifurushi aliipakata safari nzima kama mtoto wake. Nimeitundika jikoni, juu ya meza, mahali ninapokunywa chai. Naisoma kila asubuhi. Maneno yako nimeshayakariri, usije ukanitungia mtihani.

Mama aje. Mwambie nitamwekea kiti cha dirishani behewa la kwanza, karibu na kichwa cha treni, anisikie ninavyofanya kazi. Maana kazi yetu ni kelele, usione. Sheria ni kwamba anayeiona taa ya ishara mbele anaitaja kwa sauti, na mwenzake lazima aitikie neno lile lile, ili ijulikane wote wawili wako macho. Msaidizi wangu ana koo la kuamsha mtaa, namwita Kasuku. "Kijani!" anapiga ukelele. "Kijani!" naitikia. "Njano!" "Njano!" Hivyo hivyo mpaka kunakucha. Abiria wa behewa la kwanza wanatulaani.

Nikiisoma kalenda yako namkumbuka marehemu baba alivyokuwa akituketisha uani baada ya chakula. Mama yuko nyuma yetu anakunja nguo, anasema, "Ile nyota nyekundu imeshapanda juu ya paa la jirani," na baba anaidaka hapo hapo, anaanza hadithi yake. Sijui alizitoa wapi hadithi zote zile. Wewe umeandika kama yeye.

Mdogo wako, mwenye adabu

*

5 Machi

Dada,

Nimewaona. Mwanzoni mwa safari, tumetoka stesheni nusu saa hivi, upande wa machweo, Zuhura na Mshtarii wameinamiana kama watu wawili wanaosemana. Kasuku aliwaona kwanza, akapiga kelele kama kawaida yake. Nilipunguza mwendo kidogo ili nifaidi, usimwambie mtu.

Zuhura alikuwa mweupe wa kuumiza macho, Mshtarii amejikunyata pembeni yake. Kweli wanataka kunong'onezana, ulivyosema.

Mdogo wako

*

12 Machi

Mdogo wangu,

Nimefurahi mpaka nimeona haya. Maneno yangu unayarudisha kama yalivyo! Na mimi niliwaona, nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kiwandani na mwenzangu wa meza ya pili. Wawili wale wanang'aa hata ukitaka usiwaone utawaona. Mwenzangu alikuwa akinionyesha na vinyota vingine vidogo chini yao, mimi nikamwambia shingo inaniuma, twende zetu.

Mama ananunua vitu vya safari tangu sasa. Jana kaja na mtandio wa kujifunika kwenye treni. Bado miezi tisa.

Dada yako

*

19 Agosti

Mdogo wangu,

Barua yako ya vimondo nimeisoma mara mbili na sikuielewa vizuri. Unasema anga lilikuwa jeusi ti na vimondo vilimiminika mamia. Mbona mwezi ulikuwa bado mkubwa, siku tatu tu tangu ukamilike? Huku kwetu uliharibu kila kitu. Mimi niliona viwili, tena cha pili sina hakika, kwa sababu kila mtu alisema "kile" na mimi nikageuka nikakuta kimekwisha. Ama huko mna anga lenu wenyewe?

Unapenda kutia chumvi, najua. Lakini tukubaliane kwamba kwenye mambo ya anga hatutiani chumvi.

Dada yako

*

9 Septemba

Mdogo wangu,

Nimekwisha.

Jana jioni niko nyumbani napiga pasi, nikasikia watu barabarani wanapiga mayowe. Nikadhani kuna nyumba inaungua. Nikatoka mbio na pasi mkononi, waya unaburutika nyuma. Watu wote wamesimama katikati ya barabara wakiangalia juu. Nikaangalia juu. Mwezi ulikuwa mwekundu kama tofali.

Tarehe nane! Kalenda yangu inasema kumi na tano! Nikasahau hata kuutazama huo mwezi. Nikarudi ndani nikaiangalia kalenda ukutani, na kweli, kapicha kangu kekundu kametulia kwenye mraba wa chini ya tarehe nane, mstari mmoja chini, wiki nzima mbele. Nilikabandika vibaya, na prufu niliisoma mwenyewe mara tatu. Nakala elfu arobaini ziko kwenye kuta za watu, mdogo wangu. Leo meneja amekaa tu na kalenda mezani, kidole kwenye mraba.

Nashindwa kuelewa niliwezaje. Mimi huwa sikosei.

Kinachonifariji ni kwamba wewe uliuona. Treni yenu ilikuwa inaelekea kule kule ulikochomozea. Niambie ulikuwaje, maana mimi nilikuwa nao juu ya kichwa changu na sikuutazama.

Dada yako

*

16 Septemba

Dada,

Nakuandikia kutoka stesheni ya mwisho, huku niliko tangu tarehe sita kumshikia mwenzangu aliye likizo. Barua za nyumbani nitazikuta nikirudi, lakini hii haiwezi kungoja.

Jana usiku! Tarehe kumi na tano, kama ulivyoandika. Saa mbili na nusu, mwezi mzima, mkubwa kama sinia, ukaanza kuliwa upande wa kushoto polepole. Tulikuwa kwenye ile njia iliyonyooka, mbele hakuna mlima wala mti. Ukageuka mwekundu, dada, wekundu wa kaa la moto linalotaka kuzimika. Reli zikawa nyekundu. Kasuku mwenyewe alinyamaza, na huyo hajawahi kunyamaza. Nikafikiria jinsi ulivyokaa na kalenda yako huko, umejua miezi tisa kabla, nikajivuna kwamba dada yangu ndiye aliyeniambia nitazame.

Mama angelia. Desemba si mbali.

Mdogo wako

*

19 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeketi sakafuni na barua yako.

Mwezi ulipatwa tarehe nane. Barua yangu ya kukuambia hivyo iko nyumbani kwako, hujaifungua. Tarehe kumi na tano saa mbili na nusu usiku hapakuwa na mwezi angani kabisa, siyo mwekundu wala mweupe. Ulichelewa mpaka karibu na saa sita, tena ni nusu. Najua, kwa sababu watu walioamini kalenda yangu walikaa nje wakitazama giza, asubuhi wakaja kumpigia meneja kelele.

Anayeendesha treni usiku kucha anajua kama kuna mwezi au hakuna. Hata mlevi anajua.

Wewe ulikuwa unaangalia nini?

Nimerudia barua zako zote. Zuhura na Mshtarii ni maneno yangu. Vimondo ni maneno yangu. Mimi nataja, wewe unaitikia. Kasuku anataja, wewe unaitikia. Mungu wangu. Kasuku anataja, na wewe unaitikia!

Nijibu siku hiyo hiyo. Sitaki mzaha hata mmoja.

Dada yako

*

24 Septemba

Dada,

Ni kweli.

Ilianza na nyota ndogo, miaka mitatu sasa. Nilidhani ni moshi, nikadhani ni uchovu. Kisha zikaondoka za wastani. Mwaka jana nilitoka nje nikakuta anga limefagiliwa. Mchana naona kama zamani, nakuandikia hapa dirishani bila shida yoyote. Kipimo cha macho cha kazini hufanywa mchana, chumba kina taa nyeupe, nakipita kila mwaka. Ila giza likiingia, nabaki na tundu dogo la mwanga mbele yangu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba.

Njia naijua. Kila daraja nalijua kwa mlio wake. Kasuku anataja, mimi naitikia, breki naishika kwa wakati. Hatujawahi kupita taa nyekundu. Hata moja, dada.

Nilikuwa nasoma kalenda yako asubuhi na kuandika jioni niliyoitaka. Sikukusudia kukudhihaki. Nilitaka kuwa nimeviona.

Wakijua, wananivua kofia siku hiyo hiyo. Sina kazi nyingine ninayoijua. Nipe mpaka Desemba. Acha mama apande mara moja tu, anisikie, halafu nitakwenda ofisini kwa miguu yangu.

Mdogo wako

*

28 Septemba

Mdogo wangu,

Hapana.

Mabehewa kumi na mawili yamejaa watu nyuma yako, na wewe unaniambia madaraja unayajua kwa mlio! Kasuku akipiga chafya wakati wa kutaja je? Akisinzia? Usiku nikiisikia treni yoyote ikipita mbali, nakaa kitandani nahesabu mabehewa.

Nakupenda kuliko unavyodhani, na kwa hiyo nasema hivi: una siku kumi. Nenda ofisini useme mwenyewe. Ukishindwa nitaandika mimi, nisahihishe na prufu. Na mama hapandi treni yako. Sijamwambia kitu bado.

Dada yako

*

8 Oktoba

Dada,

Nimekwenda. Mkuu wa madereva alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema nimefanya la kiume kusema mwenyewe. Wamenihamishia yadini, zamu ya mchana, naendesha kichwa kidogo cha kupangia mabehewa. Naona vizuri, hakuna presha, saa kumi na moja niko nyumbani nakunywa chai.

Basi mama aje tu. Treni sasa ina dereva mwingine, mzee mmoja makini. Mimi nitampokea asubuhi jukwaani.

Ahsante kwa kunisukuma. Nilikuchukia siku mbili, imepita.

Mdogo wako

*

13 Oktoba

Mdogo wangu,

Nililia juu ya prufu mpaka wino ukasambaa, ikabidi wachape ukurasa upya. Ni machozi ya kushukuru, usijali. Nimelala usiku mzima, mara ya kwanza tangu Septemba.

Nimemwambia mama umebadilishiwa zamu, basi. Amenuna kidogo, kwamba amenunua mtandio wa bure, halafu akasema treni ni treni, atatazama vimondo na atakukuta asubuhi. Tikiti anayo, behewa la kwanza.

Mimi meneja amenisamehe, ila sasa prufu zangu zinasomwa na mtu wa pili. Inaniuma. Ni zile taa zake, lakini nani wa kumwambia.

Dada yako

*

17 Desemba

Binti yangu,

Nimefika, mzima.

Treni iliondoka saa mbili. Nilikaa dirishani kama mlivyonipangia. Haukupita muda nikasikia huko mbele mtu anapiga kelele "Kijani!" Halafu wa pili akaitikia, "Kijani!" Nikashika moyo. Mtu niliyemzaa simjui sauti?

Nikajiambia, mama, masikio yako yamezeeka. Ikaja tena. "Njano!" "Njano!" Ni yeye. Ninyi mliniambia yuko yadini.

Stesheni ya kati treni husimama dakika ishirini. Nikashuka na mtandio wangu, nikatembea mpaka kwenye kichwa cha treni, nikaita jina lake la utotoni. Akateremka. Aliiteremka ile ngazi akipapasa kila kidato kwa mguu, na hapo tu nilikuwa nimeshajua, binti yangu, lakini nilitaka Mungu anikanushe.

Vimondo vilikuwa vimeanza, watu jukwaani wanavishangilia. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Kile, kile, mwanangu! Juu ya tangi la maji!"

Akainua kichwa. Akasema, "Nakiona, mama. Kizuri."

Nikamwambia, "Hakijapita kitu. Tangi lenyewe halipo."

Akaanza kulia, huyo dereva wa miaka sita kazini, amevaa kofia. Akasema hakwenda ofisini hata siku moja. Zile habari za yadini alikutungia. Usiku huo aliomba asipangwe, wakampanga. Msaidizi wake naye alikuwa analia kule juu. Anasema alishajua tangu zamani, ndiyo sababu anapiga kelele vile.

Nikamwambia, "Mimi behewani sirudi." Nikatandika mtandio wangu kwenye reli, mbele ya taa kubwa, nikaketi. "Ukitaka kuondoka, ondoka." Akaniomba, nikamwambia sisikii. Basi akashika bega la msaidizi wake, wakaenda kwa mkuu wa stesheni, akamkabidhi ufunguo na kofia, akasema yote. Tulikaa pale saa tano tukingoja dereva mwingine. Abiria waliambiwa dereva ni mgonjwa, wakamtukana, na mimi nilikaa nimemshika mkono nikiwasikia.

Sasa la kwangu. Nimewaficha ninyi miaka yote, na nikifikiria watu waliokuwa kwenye mabehewa yale najiona mimi ndiye niliyekuwa naendesha.

Baba yenu alikuwa hivyo hivyo. Watu walimsifu, mume mtulivu, giza likiingia yuko nyumbani. Alikuwa haoni njia. Baba yake pia. Zile nyota mlizofundishwa uani nilizitaja mimi nikiwa nakunja nguo, ili yeye azidake. Ile mbinu ya kuitikia nilimfundisha mimi. Mwanangu aliikuta nyumbani. Niliona haya kwa niaba ya mume wangu, na baada ya kifo chake nikajiambia imekwisha naye.

Nimekaa siku tatu nikijiuliza kama niandike haya yanayofuata. Ile picha ya mwezi uliyoibandika mraba wa chini: uliibandika saa ngapi? Na hizo taa za kiwandani unazozilalamikia kila siku, mwenzako wa meza ya pili naye anazilalamikia?

Muulize. Usiniitikie tu.

Mama

*

22 Desemba

Mdogo wangu,

Nilikuandikia kurasa nne za matusi kwa ule uongo wa yadini. Mkuu wa madereva akavua miwani, akaifuta, akaivaa! Nilimwamini mpaka yule mtu asiyekuwepo. Nimezichana. Siyo kwamba nimekusamehe, ila niliyarudia maneno ya mwisho ya barua ya mama kabla sijazitia kwenye bahasha.

Nimemuuliza mwenzangu kuhusu taa. Alidhani namtania. Akasema, "Taa gani hafifu? Si ni zile zile? Tena tangu Novemba mwaka jana wameongeza mbili, moja iko juu ya meza yako."

Nikatazama juu. Iko.

Tulipotoka jioni nikamwomba tusimame kwenye ngazi. Nikasema nataka kutazama nyota kidogo, ni kwa ajili ya kalenda mpya. Akafurahi. Akaninyooshea kidole juu ya bomba la moshi la kiwanda, akasema, "Zile tatu zilizopangana mstari, unaziona? Usiku wa leo zimeng'aa kweli."

Anga lilikuwa jeusi toka upande huu mpaka ule. Nilitazama mpaka machozi yakatoka. Nilijua cha kusema, nilikuwa nimekipanga tangu asubuhi. Lakini kinywa changu, mdogo wangu, kikaitikia chenyewe.

"Naziona," nikamwambia. "Zote tatu."

Dada yako